Diski za Seva Zilizotumika: Kununua Bila Kuliwa, Butembo na Beni

Mpiga video wa harusi, studio ya kwaya, redio ya mtaa, ofisi ya wakili, shirika linaloandika ushuhuda wa watu waliokimbia vijiji vyao: wote wanaulizana swali moja, faili tuziweke wapi? Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na uongozi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ukahamia Beni, kazi nyingi za ofisi zilizokuwa zikifanyika kule zinafanyika huku, na swali limezidi uzito. Kupandisha terabaiti moja kwenye intaneti kwa vifurushi vya simu ni kulipa pesa inayozidi bei ya diski yenyewe. Kwa hiyo tunarudi kwenye diski, na diski kubwa mpya ni ghali.

Njia ya kati ipo: diski za seva zilizotumika. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzichagua, kuzipima na kuzitunza katika miji yetu miwili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usinunue moja. Faida ya bei ya chini ni kwamba pesa ya diski moja mpya inaweza kukupa mbili zilizotumika, na diski mbili za kale zenye nakala ileile ni salama kuliko moja mpya iliyo peke yake.

KWA NINI ZA SEVA

Makampuni yenye vituo vya data hayasubiri diski ife. Garanti ya kiwanda, ambayo kwa diski za seva huwa miaka 5, ikikaribia kwisha, huzing'oa nyingi kwa mara moja, huzifuta na kuziuza kwa wachuuzi wa jumla. Ndizo zinazofika Dubai, Kampala na Nairobi, kisha zinavuka mpaka wa Kasindi ndani ya mizigo ya wafanyabiashara wetu. Kwenye lebo utasoma Seagate Exos, Ultrastar ya HGST au WD, au herufi MG za Toshiba. Zimeundwa kuzunguka usiku na mchana, mizunguko 7,200 kwa dakika, na kubeba kazi ya hadi terabaiti 550 kwa mwaka. Mpiga picha wa Butembo hafikii hata sehemu ya kumi ya mzigo huo.

Kampuni ya Marekani iitwayo Backblaze, inayohifadhi data za watu kwenye mamia ya maelfu ya diski, hutangaza takwimu za vifo vya diski zake. Mwaka 2024 zilikufa asilimia 1.57, yaani moja au mbili katika kila 100. Ni idadi ndogo, ila kumbuka diski hizo zinaishi kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme usiokatika. Hazijawahi kuonja umeme wa kwetu.

Jambo moja muuzaji hatakuambia: hakuna duka linalotengeneza diski iliyoharibika. Ikifunguliwa nje ya chumba kisicho na vumbi imekwisha. "Imetengenezwa upya" maana yake ni imefutwa, imepimwa, imewekewa lebo. Tofauti iko kwa aliyepima:

- Kiwanda chenyewe. Lebo ina neno Recertified, na kuna garanti fupi. Hizi ndizo bora.
- Muuzaji wa jumla. Garanti ni neno lake. Inafaa kama unamjua na duka lake halihami.
- Hakuna aliyepima. Imeng'olewa, imepanguswa, imewekwa mezani. Inunue kwa bei ya chini kabisa, na upime mwenyewe.

MTEGO WA KWANZA: SAS

Pesa nyingi hupotea hapa, tena kwa diski nzima kabisa. Seva nyingi hutumia diski zenye kiungio cha SAS. Kompyuta yako ya nyumbani, na kile kisomeo cha USB cha inchi 3.5, hutumia SATA. Diski ya SAS haitasomeka humo hata kidogo, ndiyo maana huuzwa rahisi.

Igeuze, tazama mdomo wake. SATA ina vipande viwili, kifupi cha data na kirefu cha umeme, na katikati kuna pengo tupu. SAS pengo hilo limezibwa kwa plastiki, na upande wa nyuma wa plastiki hiyo kuna pini nyingine ndogo. Ukucha wako ukiingia katikati, ni SATA. Soma na namba ya modeli: Exos ya terabaiti 8 iitwayo ST8000NM0055 ni SATA, ST8000NM0075 ni SAS. Kwa macho zinafanana kama pacha. Kwa Ultrastar, modeli yenye ALE katikati ya herufi zake ni SATA, yenye AL5 ni SAS.

TAHADHARI. Utaonyeshwa adapta ndogo ya dola chache "inayogeuza SAS kuwa SATA". Hubadilisha umbo la mdomo tu. Kompyuta bado haitazungumza na diski. SAS inahitaji kadi maalumu ndani ya kompyuta ya mezani. Na zile zilizotoka kwenye mitambo ya NetApp au EMC mara nyingi zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512, hivyo hata ukiwa na kadi lazima ziformatiwe upya kwa programu maalumu. Kama huna fundi wa seva karibu, achana na SAS.

PALE MEZANI KWA MUUZAJI

Nenda na laptopu yenye tundu la USB 3 (mara nyingi ni la bluu), kisomeo cha diski chenye adapta yake ya volti 12, na programu ya CrystalDiskInfo ndani ya flashi. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa ukichukua ile ya kubebeka. Beba pia noti za dola zisizo na mpasuko. Najua hilo unalijua.

Kisha mwambie kwa heshima: "Papa, niruhusu niipime kwanza. Ikiwa nzima nalipa sasa hivi." Muuzaji wa kweli hana shida na hilo. Akijibu kwamba imepimwa tayari Dubai, mshukuru na uende meza nyingine.

1. Itazame kabla ya kuiwasha. Kona zisiwe zimebonyea, kadi ya kijani ya chini isiwe na alama ya kuungua wala kutu. Diski inayoitwa mpya ambayo matundu yake ya skrubu yamekwaruzwa si mpya.

2. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, na upige picha ya namba ya diski, ile inayoanza na S/N.

3. Iwashe huku umeiweka wima au bapa, bila kuishika mkononi. Sikiliza. Itaunguruma, kisha itatulia. Mlio wa kugonga unaojirudia, kuzima na kuanza upya, ni kifo. Lakini usiogope kila sauti: diski za seva zina kelele, na Ultrastar kubwa hutoa kimlio kidogo kila baada ya sekunde kama tano hata zisipokuwa na kazi. Hiyo ni tabia yake.

4. Fungua CrystalDiskInfo. Hakikisha S/N kwenye kioo ni ileile ya lebo. Kisha soma mistari iliyo kwenye sanduku hapa chini.

5. Nakili faili kubwa kwenda na kurudi, gigabaiti 10 au 20, ukitazama mwendo. Diski nzima kwenye USB 3 huenda zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Ikishuka hadi 5 na kupanda tena mara kwa mara, mrudishie mwenyewe.

SANDUKU: NAMBA ZA KUSOMA

05, sekta zilizohamishwa: inatakiwa 0.
C5, sekta zinazosubiri: 0. Ikiwa zaidi, usinunue kwa bei yoyote.
C6, sekta zisizosomeka: 0, sharti lilelile.
C7, makosa ya kebo: machache si kosa la diski, badilisha kebo na utazame kama yanaongezeka.
09, saa za kazi: mwaka mzima ni saa 8,760, miaka mitano ni 43,800.
0C, mara ilizowashwa.
16, kiwango cha gesi ya heli kwenye Ultrastar zilizofungwa: 100, bila kushuka.

Programu hiyo huandika thamani ghafi kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Ukiona 7530 kwenye mstari wa 09, si saa 7,530. Ni saa 30,000. Juu kulia kuna saa zilizoandikwa kwa hesabu ya kawaida, na ndani ya menyu unaweza kubadili thamani zote ziwe za kawaida. Kosa la kinyume nalo lipo: kwenye Seagate mistari ya 01 na 07 hujaa tarakimu kubwa za kutisha. Hiyo ni kawaida ya Seagate, usiitumie kumbana muuzaji bei.

Saa za mstari wa 09 na idadi ya 0C zisome pamoja, maana zinasimulia diski ilikotoka. Saa 40,000 na kuwashwa mara 30 tu: hiyo kweli imekaa kwenye seva, imezunguka kwa utulivu miaka minne na zaidi. Saa 6,000 lakini imewashwa mara 4,000: hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu, inazimwa na kuwashwa kutwa, na ya kwanza naweza kuipenda kuliko hii. Kwa kipimo changu, chini ya saa 30,000 ni nzuri. Kati ya 30,000 na 50,000 ni ya kununua kwa bei ya chini. Zaidi ya hapo iwe nakala ya tatu tu.

SAA ZINAPORUDISHWA SIFURI

Diski iliyotengenezwa 2018 na inayoonyesha saa 12 za kazi ina maelezo mawili: ilikaa ndani ya boksi miaka yote, au kuna aliyefuta kumbukumbu zake. La pili ndilo la kawaida.

Januari 2025 waandishi wa Heise wa Ujerumani walifichua kwamba diski za Seagate Exos zilizokuwa zikiuzwa madukani kama mpya zilikuwa na saa kati ya 15,000 na 50,000. Kumbukumbu za kawaida zilikuwa zimerudishwa sifuri. Nyingi zilishukiwa kutoka China, kwenye mashamba ya kuchimba sarafu ya Chia, ambayo ilikula nafasi ya diski kwa wingi ilipoanza 2021. Ikiwa maduka ya Ulaya yaliuziwa mzigo huo bila kujua, meza ya Butembo haina kinga.

Kwa Seagate kuna kitanzi cha kumnasa mdanganyifu: diski ina daftari la pili liitwalo FARM, ambalo wafutaji wa wakati ule hawakuligusa. Kwenye Linux, ukiwa na programu ya smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi, andika:

smartctl -l farm /dev/sdb

Badilisha sdb kwa jina la diski yako. Linganisha saa za FARM na zile za mstari wa 09. Zikipishana kwa maelfu, umedanganywa. Visomeo vingine vya USB havipitishi taarifa hii. Ikigoma, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani. Kwa Ultrastar na Toshiba huna daftari hilo, kwa hiyo tarehe ya lebo na makwaruzo ndiyo mashahidi wako.

UKIAGIZA KWA MTU ANAYESAFIRI

Wengi hatununui mezani. Tunamtuma mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Kampala. Mpe karatasi yenye modeli kamili, si "diski ya tera 8". Kabla hajalipa, akutumie kwa WhatsApp picha ya lebo, picha ya mdomo wa diski, na picha ya kioo cha CrystalDiskInfo ambapo S/N inaonekana. Namba hiyo iingize kwenye tovuti ya Seagate au WD uone kama garanti bado hai. Diski zenye nembo za Dell au HP kwa kawaida hazilindwi na kiwanda kilichozitengeneza, hata kama ni changa.

Pale Kasindi mzigo unapita kwa DGDA (forodha) na OCC (ukaguzi wa bidhaa). Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haufuti karatasi. Kubaliana mapema nani analipa ushuru, na kwenye tangazo la mzigo iandikwe wazi kwamba ni diski. Zikifichwa ndani ya nguo zikakamatwa, hasara ni yako.

Barabara nayo ina yake. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80, na Beni hadi Butembo 54. Diski iliyozimwa huvumilia mtikisiko mkubwa. Isichovumilia ni kuanguka kwenye saruji au kulala chini ya madumu ya mafuta. Kila diski iwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, izungukwe na sponji pande zote sita, na ipakatwe. Boksi moja lenye diski kumi zinazogusana ni diski kumi zinazogongana njia nzima.

Na mwinuko? Watu huuliza kwa sababu Butembo iko juu, kama mita 1,800. Diski za hewa, zile zenye kitundu kidogo kilichoandikwa kisizibwe, zimeruhusiwa hadi karibu mita 3,000. Za heli zimefungwa kabisa, haziulizi. Lala usingizi.

NYUMBANI: WIKI YA KWANZA

Usiweke kazi yako humo siku ya kwanza. Ipime yote kwanza, kwa siku ambayo una uhakika wa umeme.

1. Iache izoee joto la chumba saa chache, hasa ikitoka ubaridi wa Butembo kwenda Beni.
2. Ipange kwa GPT. Mfumo wa zamani wa MBR unaishia terabaiti 2, na visomeo vya kale navyo hugomea hapohapo.
3. Format kwa NTFS, au ext4 kama unatumia Linux. Usichague exFAT kwa diski ya kudumu: haina kumbukumbu ya kujiokoa, na umeme ukikatika katikati ya kunakili unaweza kupoteza folda nzima.
4. Ondoa alama ya "formati ya haraka". Formati kamili inaandika kila sekta, na kila iliyo dhaifu itajitokeza. Diski ya terabaiti 8 huchukua nusu siku au zaidi. Kwa USB 2 hata ya terabaiti 4 itakula zaidi ya saa 30, kwa hiyo tafuta tundu la bluu. Formati hii pia inafuta mabaki ya mwenye diski wa kwanza, usiyachungulie.
5. Rudi CrystalDiskInfo. Kama 05 au C5 zimetoka 0 zikapanda, irudishe siku hiyohiyo na picha ulizopiga.

Ikigoma kuwaka kabisa ndani ya kompyuta ya mezani ilhali kwenye kisomeo inafanya kazi, usiitupe. Diski nyingi za karibuni hutumia pini ya tatu ya umeme kama swichi ya kuzima, na pawa za zamani hupeleka volti 3.3 pale. Ziba pini hiyo kwa mkanda mwembamba wa Kapton unaovumilia joto. Njia ya adapta ya Molex nayo ipo, lakini zile za plastiki iliyoyeyushwa juu ya nyaya zinajulikana kwa kuwaka moto.

UMEME NDIO ADUI

Hapa sifanyi mzaha. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Adapta ya ampea 1 itaifanya ianze na kufa, ianze na kufa, na kila mara vichwa vinaumia. Tumia adapta ya ampea 2 au zaidi.

USIFANYE HIVI. Usichukue waya kutoka betri ya sola ya volti 12 ukaupeleka kwenye diski, eti volti ni zilezile. Betri inapochajiwa mchana hupanda kupita 14, na diski inavumilia takriban 13.2. Pitisha kwenye inveta na adapta yake, au kwenye kifaa kinachoshikilia volti 12 kamili.

Ikiwa diski itakaa imewashwa muda wote, UPS ni sehemu ya bei yake. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Lakini kwa nyumba nyingi za Butembo na Beni naona mpango mzuri zaidi ni diski ya rafuni: iwashe, nakili, itoe kwa amri ya kompyuta, subiri isimame, ihifadhi pakavu. Umeme ukikatika usiku, haikuhusu.

KABLA YA KULIPA, JIULIZE

☐ Ni SATA, nimeona pengo kwa macho?
☐ S/N ya lebo na ya kioo ni moja?
☐ 05, C5 na C6 ni sifuri?
☐ Saa zinalingana na tarehe ya lebo?
☐ Nimegawanya bei kwa terabaiti na kulinganisha na mpya? Ikizidi theluthi mbili ya mpya yenye garanti, nanunua mpya.
☐ Nina siku ngapi za kurudisha, na zimeandikwa kwenye risiti?
☐ Pesa ya diski ya pili ipo?

Hiyo ya pili isiwe toleo moja na ya kwanza. Zikitoka boksi moja huweza kufa pamoja. Isikae nyumba moja nayo pia. Moto, wizi na kukimbia ghafla tumeviona vyote huku, na havichagui diski. Ukiwa Butembo, muombe ndugu wa Beni akuwekee, nawe umwekee yake. Mbadilishane kila baada ya miezi mitatu na kusoma upya namba za sandukuni. Faili za wateja, za wagonjwa au za mashahidi zifungwe kwa programu ya VeraCrypt kabla ya kusafiri, na mtu mmoja unayemwamini ajue neno la siri lilipo.